Kujifunza Lugha Isiyo na Mtungaji: Sheng katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Mtoto anayeletwa Kariobangi au Dandora kutoka mashambani, akiwa na umri wa miaka tisa au kumi, hugundua upesi kwamba ana lugha moja zaidi ya kujifunza kuliko alivyoambiwa na wazazi wake. Aliambiwa kuwa mjini watu husema Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili amekwisha kukisoma kidogo shuleni, na Kiingereza vilevile. Lakini jioni ya kwanza, akisimama kando ya wenziwe wanaocheza mpira wa matambara na nailoni, husikia usemi wenye mwendo wa Kiswahili, wenye "ni-" na "ana-" na "wali-" mahali panapostahili, na bado haelewi kitu. Hapewi kitabu wala mwalimu. Hakuna hata mmoja pale anayedhani kuwa lugha ile ni kitu cha kufundishwa. Huitwa mshamba, basi.

Lugha hiyo ni Sheng, na jambo linalochunguzwa katika makala haya ni namna inavyojifunzwa. Wataalamu wameandika mengi juu ya asili yake, na walimu wamelalamika sana juu ya madhara yanayosemekana kuletwa nayo. Mwenye kujifunza amesahauliwa. Ili kuielewa kazi inayomkabili mwanagenzi huyu, yafaa kwanza kuilinganisha na kazi ya watu wanaojifunza lugha za kubuni za aina nyingine, yaani zile zilizotungwa kwa ajili ya hadithi.

J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa mwaka 1892 huko Bloemfontein, katika nchi ambayo sasa ni Afrika Kusini, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, alizitungia lugha za Quenya na Sindarin si msamiati na sarufi tu, bali hata historia ya mabadiliko ya sauti, kana kwamba zilikuwa zimesemwa kwa maelfu ya miaka. Hadithi yake kubwa, The Lord of the Rings, ilitolewa mwaka 1954 na 1955. Marc Okrand, mwanaisimu wa Kimarekani, alikuza lugha ya Klingon kwa ajili ya filamu za Star Trek, akatoa kamusi yake mwaka 1985. Wapo watu wanaojifunza lugha hizi kwa bidii kubwa, ingawa hakuna mtaa duniani ambako mtoto hutumwa dukani kwa Klingon. Mwanafunzi wao ana faraja moja: lugha yake ina mwenyewe. Akitilia shaka neno, hurejea kwenye maandishi ya mtungaji, na mabishano huishia hapo. Okrand aliendelea kwa miaka mingi kuulizwa maswali na kuongeza maneno mapya, na alilosema likawa ndilo. Sheng nayo ni ya kubuni, lakini walioibuni ni wengi, majina yao hayajulikani, na kila mmoja aliongeza neno lake akaenda zake nyumbani kula.

Huenda mtu akapinga kuiita Sheng lugha ya kubuni. Wengine huiita simo, wengine lahaja ya mjini, na wapo wanaouliza kama inaelekea kuwa krioli. Hoja hizo zina uzito wake. Hata hivyo ubunifu katika Sheng ni wa makusudi, na hilo ndilo linalomhusu mwenye kujifunza. Neno la kawaida linalojulikana na kila mtu huachwa kwa hiari, na jingine huundwa mahali pake, si kwa sababu la kwanza halitoshi bali kwa sababu linaeleweka mno.

Tabia hii haikuzaliwa Nairobi. Edward Steere, mmisionari wa Zanzibar ambaye baadaye alikuwa askofu, alitia katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870 mifano ya Kinyume, yaani usemi wa pwani ambamo silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa. Kwa kanuni hiyo nyumba huwa "mbanyu" na kitabu huwa "bukita". Anayejifunza Kinyume hujifunza jambo moja tu, na akiisha kulishika anaweza kuligeuza neno lolote analolijua. Sheng inayo masalio ya kanuni iyo hiyo: habari au hadithi huitwa "risto", ambalo ni neno "stori" lililopinduliwa. Wapo hata wanaoeleza kuwa jina lenyewe, Sheng, lilipatikana kwa kulipindua neno "English" na kulikata; wengine hushikilia kwamba ni muungano wa majina ya Kiswahili na English. Lakini katika Sheng kupindua ni njia moja tu kati ya nyingi, na hakuna kanuni ya kumwonyesha mwanagenzi ni neno gani litapinduliwa na lipi litaachwa. Mwenye Kinyume hupewa ufunguo mmoja wa milango yote, naye mwenye Sheng hukuta kila mlango na kitasa chake.

Kwa nini kueleweka kuwe ni kasoro? Jibu limo katika nyumba zenyewe. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940. Ofafa na Mbotela, ambazo zimepewa majina ya viongozi wawili wa Kiafrika waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, ni za miaka ya 1950, na Jericho na Jerusalem zilikuja karibu na wakati wa uhuru. Nyumba nyingi za mitaa ya kwanza zilikusudiwa wanaume wafanyakazi wasio na familia, maana serikali ya kikoloni haikutaka Mwafrika auone mji kuwa ni kwao. Familia zilipokuja, chumba kilekile kikawa pa kupikia, pa kulala na pa kusomea. Mtoto alikuwa na lugha ya mamake. Jirani wa ukutani alikuwa na nyingine. Kiswahili kikawa lugha ya uani na ya bombani. Lakini Kiswahili kilieleweka na wazazi pia. Faragha ya vijana haikuwa na chumba, ikabidi iwe na maneno.

Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya mwaka 1997, waliuweka mwanzo wa Sheng katika mitaa hii, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alamin Mazrui, miaka miwili kabla yao, alikuwa amedokeza kuwa simo ya namna hiyo ilisikika Nairobi tangu miaka ya 1930. Pengine pande zote mbili zina haki, kwa kuwa simo ya watu wazima wachache ni jambo moja, na lugha ya michezo ya watoto wa mtaa mzima ni jambo jingine. Kilichotokea katika miaka ya 1970 ni kwamba watoto waliozaliwa mjini, wasiojua mashamba ila wakati wa likizo, walikuwa wengi kuliko wakati wowote uliotangulia. Dandora, iliyoanza kama mradi wa viwanja kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1975, iliwapa watoto hao uwanja mwingine.

Mwanagenzi wa Kariobangi huanzia wapi, basi? Sehemu kubwa ya sarufi anayo tayari. Akisikia "Wasee wamedishi", yaani jamaa wamekula, kiambishi cha nafsi ni cha Kiswahili, cha wakati ni cha Kiswahili, na mpangilio ni wa Kiswahili. Kigeni ni mzizi tu, uliotoka katika neno la Kiingereza la sahani. Akisikia "Mathe alinipea ashu ya mathree", atatambua kuwa kuna mtu aliyempa msemaji kitu kwa ajili ya kitu kingine, kabla hajajua kuwa aliyetoa ni mama, kilichotolewa ni shilingi kumi, na nia ni nauli ya matatu. Mambo machache ya sarufi humshtua. Udogo wa kitu huonyeshwa kwa "ka-" na "tu-", kama katika lugha nyingi za bara, ambapo Kiswahili sanifu hutumia "ki-" na "vi-". Tendo la mazoea hupewa mkia wa "-anga", hata mtu akasema "anakujanga" kwa maana ya kuwa huja mara kwa mara. Haya mtoto wa Kiluhya au wa Kikuyu huyashika kwa siku mbili, kwa kuwa yanafanana na ya kwao.

Shida iko katika maneno, na neno "mathree" linatosha kuonyesha shida yenyewe. Magari ya abiria yaliyokuwa yakitoza senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, yalipata jina la matatu katika miaka ya 1960, nayo yaliruhusiwa rasmi kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1973. Nauli ilipanda, jina likabaki. Kisha vijana wakalichukua neno hilo, wakaitafsiri "tatu" kwa Kiingereza, na kiambishi "ma-" wakakiacha mahali pake. Mtu mwenye Kiswahili bora na Kiingereza bora hawezi kulitabiri neno hilo peke yake, ijapokuwa akiisha kuambiwa hucheka jinsi lilivyokuwa karibu. "Mathree" nayo ilikatwa ikawa "mat", na magari yaliyopambwa kwa taa na picha yakapewa jina jingine kabisa, "nganya". Mtoto hujifunza yote matatu bila kujua hata moja limetoka wapi. Asili ya neno ni mali ya mtafiti. Mwenye kusafiri ana haja ya kujua lipi husemwa leo.

Maneno mengine yanaficha mabadiliko ya heshima ndani yake. "Msee" ni "mzee" aliyepoteza z yake pamoja na umri wake: jina la kumtukuza mtu mzima limekuwa jina la kumwita rika, na mwanagenzi aliyelelewa kuwaamkia wazee kwa adabu huona haya kulitumia kwa mara ya kwanza. "Ushago", yaani mashambani, linadhaniwa kutoka neno la Kikikuyu, likavuliwa kiambishi chake na kuvishwa "u-" ya Kiswahili. "Kanjo", yaani askari wa jiji, ni neno la Kiingereza la baraza lililopita katika vinywa vya wachuuzi waliokuwa wakikimbia. Mahali penyewe pia hukatwa: Buruburu ni "Buru", Jerusalem ni "Jerusa".

Kujua maana hakutoshi. Fedha zinaonyesha hilo vizuri kuliko kitu kingine, kwa kuwa kila mtu huzitaja kila siku. Shilingi tano ni "kobole" au "ngovo", kumi ni "ashu", ishirini ni "mbao", hamsini ni "finje" au "chwani", mia ni "soo", elfu ni "thao" au "ngiri". Noti ya shilingi 500, wakati wa kampeni za uchaguzi wa mwaka 1992, iliitwa "jirongo", kwa jina la mwanasiasa aliyeliongoza kundi la vijana la YK'92. Kijana anayejifunza orodha kama hii kutoka kwa mjomba wake aliyekulia Jericho hupata maneno sahihi ya wakati usio wake. Akiyasema mbele ya rika lake hatasahihishwa, kwa sababu hakukosea, atachekwa. Kicheko hicho humweleza kuwa amesema kama mzee, na hakuna kamusi ingeweza kumtahadharisha.

Peter Githinji, katika makala aliyoyatoa mwaka 2006, alichunguza vijiwe vya vijana wa Nairobi, ambavyo wenyewe huviita "beizi", akaonyesha jinsi tofauti za maneno kati ya kijiwe na kijiwe zinavyotumika kutambua nani ni wa hapa na nani ni wa kule. Alitumia mfano wa shibolethi, lile neno la kitabu cha Waamuzi ambalo Waefraimu walishindwa kulitamka kwenye vivuko vya Yordani. Mfano huo unaiangukia vyema mitaa iliyopewa majina kama Jericho na Jerusalem. Ila katika Waamuzi lililohukumu lilikuwa sauti moja, na sauti mtu akikazana hujifunza; huko Eastlands linalohukumu ni neno ambalo huenda limebadilishwa juma lililopita, wakati mgeni hakuwapo.

Hapo ndipo njia ya kujifunza Sheng inapoachana kabisa na njia ya kujifunza Quenya. Mwanafunzi wa Quenya hukaa peke yake na kitabu, na akikosea hakuna anayeumia. Mwanagenzi wa Sheng hana budi kukaa na watu, na kwa muda mrefu hukaa kimya. Husikiliza, hukisia, hucheka wenzake wanapocheka, na maneno ya kwanza anayothubutu kuyatoa ni yale yasiyo na hatari: "niaje" ya kuamkia, "poa" na "fiti" za kuitikia. Baadaye hutia neno moja la Sheng katika sentensi ya Kiswahili, akiangalia nyuso. Uso ukibaki ulivyo, neno limepita. Siku moja yeye mwenyewe hulikata neno, au huligeuza, na mwenzake hulirudia bila kuuliza. Hakuna mtihani mwingine wa lugha hii, na anayeupita huo hakuhitimu tu: amekuwa mmoja wa watungaji. Hilo halimpati kamwe mwanafunzi wa lugha ya hadithi, hata akiijua kuliko aliyeiandika.

Watu wazima wamejaribu njia ya kitabu. Kamusi ya Sheng ilitolewa Nairobi na Moga na Fee mwaka 1993, na mwaka 2003 Ireri Mbaabu na mwenzake walitoa nyingine kwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam. Kazi hizo ni muhimu kwa mtafiti, ijapokuwa hiyo ya pili iliibandika Sheng katika jina lake sifa ya kuwa lugha ya wahalifu, jambo ambalo ni hukumu kabla ya ushahidi: mtoto anayeomba "ashu" hajamwibia mtu. Lakini kamusi ya lugha inayokimbia kueleweka ina balaa la pekee. Neno likiisha kuingia katika kamusi limekwisha kueleweka, na waliolibuni wanayo sababu ya kuliacha. Ndivyo inavyokuwa pia kwa matangazo ya biashara na hotuba za kampeni: msemaji hujifunza maneno kumi kwa ajili ya umati, na umati hushangilia kwa moyo mkunjufu, huku vijana wa mbele wakitazamana.

Si kwamba Sheng haikutoka nje ya mitaa yake. Wanamuziki wa Kalamashaka, waliotoka Dandora, waliipeleka redioni katika miaka ya 1990, na jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010, liliiandika kwa vijana wa nchi nzima. Mtu wa Kisumu au wa Nakuru anaweza kuifahamu bila kupanda gari la kwenda Dandora. Anachokipata ni maneno ambayo Eastlands imekwisha kuyaachilia.

Ubishi mkali zaidi uko shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa, na tangu hapo mpaka mtihani wa mwisho wa darasa la nane wa mwaka 2023, Sheng ililaumiwa karibu kila matokeo yalipotoka. Lawama hiyo haiwezi kupuuzwa na mtu aliyesoma insha za watoto wa mitaa hii. Mtoto huandika "katoto" mahali pa "kitoto", na "vitu ingine" mahali pa "vitu vingine", na kalamu nyekundu haina huruma. Aghalabu husemwa kuwa mtoto huyo hana sarufi. Kweli ni kinyume chake: anazo sarufi mbili zinazokaribiana mno, wala hakuna aliyemwonyesha mpaka kati yake. Mtoto aliyeletwa kutoka mashambani ana bahati katika jambo hili. Alijifunza Sheng akiwa na akili ya kuona kuwa ni kitu kingine. Alijua siku aliyoanza, na maneno aliyoyashangaa anayakumbuka. Aliyezaliwa Kayole au Huruma hakushangaa kitu. Kwake "mathe" na "mama" ni maneno mawili ya mtu mmoja, na hakuna shule inayoweza kumtaka aache mojawapo darasani bila kumweleza kwanza lipi ni la wapi. Kuikemea Sheng hakumpi maelezo hayo. Mwalimu akiiweka ubaoni kando ya Kiswahili sanifu, neno kwa neno na kiambishi kwa kiambishi, atampa. Na kazi hiyo yahitaji mwalimu asiyeona haya kuijua.

Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018, aliiona Sheng kuwa ni Kiswahili cha Kenya cha watu wa kawaida, kilichokua kutoka usemi wa vijana. Kwa kizazi kilichozaliwa ndani yake mtazamo huo una nguvu. Waliobuni maneno ya miaka ya 1970 katika vyumba vya Kaloleni na Makongeni wamekwisha kuwa mababu na nyanya, na maneno yao mengi hayafichi tena chochote: wajukuu huyatumia mezani mbele yao kama Kiswahili kingine chochote. Nyanya husikia "doo" akajua ni fedha, maana yeye mwenyewe alilisema alipokuwa msichana. Ndipo mjukuu hupokea simu, hutoka nje hadi kwenye ngazi, na kuanza kusema maneno ambayo nyanya hajapata kuyasikia.